Mashine ya kukaangia kahawa ya kilo 15: kukwangua kikavu, dawa, au kumwita fundi?

MkaangajiMoshi
Wakuu, naomba uzoefu wenu. Tuna mashine ya ngoma (pipa la chuma linalozungusha kahawa juu ya moto) ya kilo 15, ya Uturuki, inatumia gesi ya mitungi. Dohani imepanda mita tano na ina kona mbili kabla ya kutoka paani. Kwa wiki tunakaanga kilo 400 hivi. Zamani ilikuwa arabika ya huku Kilimanjaro peke yake, iliyooshwa, mkaango wa wastani. Sasa tumepata wateja wa hoteli wanaotaka mchanganyiko wenye robusta ya Kagera, tena nyeusi tii.

Mkaango uliokuwa unaisha dakika 12 unafika 14 kwa moto uleule, na kahawa ina harufu ya moshi. Nimefungua feni ya kutoa moshi, mapanga yamevaa lami inayong'aa.

Ninazopima ni njia tatu:
1. Kukwangua wenyewe kikavu, kwa brashi na mashine ya kufyonza vumbi. Rahisi mfukoni, ila Jumamosi yote inaliwa.
2. Dawa ya kukata mafuta. Muuza duka mmoja ananishauri kostiki soda, anasema inang'oa kila kitu.
3. Fundi kutoka Dar kila miezi mitatu. Nauli, malazi na ufundi wake, si hela ndogo.

Ipi inalipa?

Spana14
Mkuu, umeuliza kama vile mashine nzima ni chombo kimoja. Ngoma, feni na dohani kila kimoja kina dawa yake.

Ngoma iache. Maji na sabuni havina kazi humo. Ngoma nyingi ni chuma cha kawaida, maji yanaleta kutu, na sabuni ikifika kwenye beringi ya mbele inaondoka na grisi. Ule weusi uliokauka kwenye kuta za ndani hauna ubaya. Fagia makapi, toa punje zilizobanwa mlangoni, funga.

Feni ndiyo mgonjwa. Lami haishiki sawa pande zote, kwa hiyo mbali na kupunguza hewa inaharibu mizani. Feni inatetemeka na beringi za mota zinakufa mapema. Kwangua kwa mti mgumu au plastiki, si bisibisi, maana panga likikunjika umejiongezea kazi. Kabla hujaichomoa piga alama kwenye shafti na kwenye feni yenyewe irudi ilivyokuwa. Umeme zima kwenye swichi kuu ya ukutani, si kitufe cha mashine.

Kostiki: hapana, mpaka ujue feni yako ni ya madini gani. Kostiki inakula alumini, na ikiila inatoa hidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Watu wanapima kwa sumaku. Sumaku isiponasa inaweza kuwa alumini, na inaweza kuwa stenlesi vilevile. Ipime uzito mkononi, alumini ni nyepesi mno.

Dohani ni brashi tu, ikiwa baridi kabisa. Lakini nikuambie ukweli: ile lami inayong'aa brashi inaiteleza juu. Uchafu wa dohani huanza kama vumbi na makapi, unatoka kwa kupangusa. Ukiachwa upikwe na moshi wa mikaango kadhaa unakuwa wa kunata. Ukiachwa zaidi unakuwa jiwe. Kwa hiyo umri wa uchafu ndio unaokuchagulia njia. Anayesafisha mapema hatafuti dawa.

BuniNyeusi_Bukoba
Naongezea kwenye hilo la umri. Ndugu MkaangajiMoshi, hujabadilisha mashine, umebadilisha kahawa, halafu ratiba ya usafi umeacha ileile. Robusta ya huku kwetu nyingi inaanikwa na ganda lake, haioshwi. Ikikaangwa inamwaga makapi mengi kuliko hiyo yenu iliyooshwa. Halafu ukiipeleka hadi mlio wa pili (punje zinapopasuka mara ya pili, mkaango mweusi) na kupita, mafuta yanatoka juu ya punje na moshi unakuwa mzito. Makapi mengi pamoja na moshi wenye mafuta, lami itaacha kutokea?

Usihesabu wiki, hesabu mikaango, na mikaango myeusi ihesabu mara mbili. Sisi pipa la makapi kwenye saikloni (chombo kinachotenga makapi na moshi) tunalimwaga kabla halijafika nusu, hata ikiwa katikati ya kazi. Kahawa ya hoteli tunaikaanga mwisho wa siku ili moshi wake usiguse arabika nyepesi.

DadaKaango_Nairobi
Sikubaliani na kuikataa dawa moja kwa moja. Kostiki sawa, iwekeni mbali. Lakini kuna poda ile ya kusafishia mashine za espresso, inayotengenezwa kwa pakabonati ya sodiamu. Vitu vya stenlesi vinavyofunguka, kama bamba lenye matundu la trei ya kupoozea na kijiko cha sampuli, mimi navitumbukiza kwenye maji ya moto yenye hiyo poda, navaa glavu, naviacha saa chache. Lami inalainika, unamaliza kwa brashi ya nailoni. Suuza sana, kausha hapohapo. Kukwangua matundu elfu moja moja kwa msumari ni adhabu.

Sharti moja: kiwe kimetoka kwenye mashine. Usinyunyizie dawa ndani ya bomba lililofungwa, maana hutaweza kuisuuza, na mkaango wa kwanza utaipandisha mvuke mpaka kwenye kahawa ya watu.

Na umesema habari ya feni ya moshi tu. Trei je? Mzigo kamili ukichukua zaidi ya dakika tano kupoa, matundu yameziba au feni ya pili, ile ya kupoozea, nayo ni chafu. Hapo kahawa inaendelea kujipika yenyewe ukiwa unaitazama.

Spana14
Dada hapo nakubali. Kwa vinavyofunguka na ambavyo si alumini, sina ugomvi.

kijana_wa_kompresa
Kwani hamna kompresa? Puliza tu, dakika kumi umemaliza 😂

Spana14
Vumbi unalopuliza linaenda wapi? Linaingia kwenye mota, kwenye beringi, na lililobaki linaelea chumbani. Vumbi la makapi likiwa hewani karibu na moto linaweza kuwaka kwa kishindo. Fyonza. Na usifyonze mashine ikiwa ya moto, cheche moja ikiingia kwenye mfuko ule umejitengenezea jiko.

MkaangajiMoshi
Ahsanteni. Feni nimeipima, ni chuma, sumaku imenasa. Kwa hiyo fundi nimuache kabisa?

Spana14
Usimuache, mpunguzie kazi. Kumsafirisha mtu kutoka Dar aje kukwangua masizi ni kutupa hela. Mwite mara moja au mbili kwa mwaka kwa yale yanayotaka vipimo: shinikizo la gesi, vichomeo, mkanda au mnyororo, beringi za ngoma.

Vichomeo hasa. Moto wa gesi uwe wa buluu. Ukiona njano, hewa haitoshi au jeti (kitundu kinachopitisha gesi) ina uchafu, na moto wa njano unaongeza masizi juu ya yale uliyonayo. Watu huchokonoa jeti kwa sindano. Tundu linapanuka na kipimo cha gesi kimeharibika moja kwa moja.

Grisi unaweza mwenyewe, ila si ile ya magari. Grisi ya kawaida ya lithiamu haivumilii joto la beringi ya mbele, inayeyuka na kukauka. Nunua ya joto kali, yenye alama ya H1 (grisi inayoruhusiwa karibu na chakula) kwa sababu kuna chakula jirani. Usichanganye na ya zamani usiyoijua, aina nyingine zikikutana zinakuwa maji. Weka kidogo, ngoma ikizunguka taratibu.

BuniNyeusi_Bukoba
Na kipimajoto cha ndani ya ngoma mfute kila wiki. Kikivaa lami kinachelewa kusoma, unadhani kahawa haijafika kumbe imepita. Pengine sehemu ya dakika zako mbili imejificha hapo.

DadaKaango_Nairobi
Swali ambalo hujaulizwa: masizi ya dohani yakishika moto, vijana wako wanajua la kufanya? Zima gesi, funga hewa, ngoma iendelee kuzunguka mlango ukiwa umefungwa. Wengi hukimbilia kumwaga kahawa kwenye trei, ndipo inapopata hewa na kulipuka moto. Mtungi wa kuzimia uwe mlangoni, si nyuma ya mashine.

BuniNyeusi_Bukoba
Namba ya Zimamoto, 114, ibandikeni ukutani.

MkaangajiMoshi
Nimeamua hivi. Feni na saikloni tutakwangua wenyewe kila mikaango 40, vya trei vinaingia kwenye poda, fundi atakuja mara mbili kwa mwaka. Kinachonisumbua ni zile kona mbili, brashi haipiti.

Spana14
Kata kona zote mbili, weka bomba la T lenye kifuniko upande mmoja. Uchafu utadondokea kwenye kifuniko, unafungua unatoa, na brashi inapita wima juu na chini. Kipande cha juu kilicholowa lami badilisha tu, bati jipya ni rahisi kuliko kulikwangua. Ukifunga, usitumie mpira wala silikoni ya dirisha. Tafuta kamba ya nyuzi za kioo, ile ya milango ya majiko ya mikate.