Betri ya friji kwenye gari ya safari imechoka, nichukue ipi?

mpika_porini
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijaenda kupigwa mjini. Nina Land Cruiser ya safari, injini 1HZ, 12V, natokea Arusha na trip zangu nyingi ni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Chini ya siti ya nyuma kuna betri ya pili ya friji ya wageni na inveta ya wati 300 ya kuchajia kamera na laptop. Betri yenyewe N70 ya maji ya kawaida, ina miezi 14 tu na imeshachoka, tukilala kempu ikifika saa saba usiku friji inajizima yenyewe, asubuhi maziwa yamechacha na siagi imekuwa mafuta ya kula, juzi mgeni kaniuliza kwa upole kabisa kama mtindi ni sehemu ya chai. Dukani wananiambia lithiamu, fundi wangu anasema weka N100, aina hiyo hiyo ila kubwa zaidi. Nifuate nani?

mzee_wa_naabi
Lithiamu mdogo wangu, funga macho. Ya 100Ah (ampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba) haifiki kilo 15 wakati ya risasi, kama hiyo yako ya maji, ya saizi hiyo inagonga 30, na unaitumia karibu yote, ya risasi ukizoea kuvuka nusu unaiua. Yangu huu msimu wa tatu na ile barabara ya Naabi inavyotetemesha gari unaijua, sijaigusa.

fundi_volti
Mzee na wewe unamfungisha macho mwenzio hujamwambia unaichajije. Lithiamu ina kiu, ukiiunga moja kwa moja inavuta ampea nyingi bila kupumzika, alteneta inachemka mpaka inaungua. Una chaja ya DC-DC, ile inayokaa kati ya alteneta na betri ya pili ikipima chaji, au huna?

mzee_wa_naabi
Ninayo bana, iko chini ya siti, sikudhani ni ya kutaja 😂

fundi_volti
Haya. Mpika, usinunue kitu kwanza. N70 ni ya kuwashia gari, plate zake nyembamba, kazi yake itoe moto mwingi sekunde chache halafu ijazwe palepale. Wewe unainyonya usiku kucha, kwa hiyo miezi 14 imekuheshimu sana. Ila mimi roho yangu iko kwenye waya. Washa injini, friji iwe on, pima volti kwenye temino za betri ya mbele halafu za nyuma, ulete namba zote mbili.

binti_wa_karatu
Kwani kulubox na barafu zimepigwa marufuku lini jamani

dere_wa_mara
Huku Mara pia ni story hiyo hiyo. Boss, ya maji usiweke ndani mahali watu wanakaa, ikichaji inatoa gesi ya kulipuka, na gari ikiruka mashimo asidi inamwagika. Chukua AGM, hiyo nayo ni ya risasi ila imefungwa, asidi haimwagiki. Na ukienda duka uliza mizani, AGM ya 100Ah ya ukweli iko kama kilo 28 mpaka 32, kuna zingine ukiinua tu unajua hapa nauziwa sanduku. Stika haiongezi uzito.

mpika_porini
Nimepima. Mbele 14.2, nyuma 13.1. Waya umepita chini ya kapeti, mwembamba kama ule wa taa za nyumbani.

fundi_volti
Huo waya mwembamba unakula volti njiani, basi hiyo betri haijawahi kushiba tangu uinunue. Ya risasi ikikaa na njaa inaota salfa kwenye plate na ndio mwisho wake, ungeweka N100 au hata mbili ingekuwa hadithi hiyo hiyo baada ya mwaka. AGM inataka kama 14.4, alteneta yako hata kule mbele haifiki, kwa hiyo tafuta chaja ya DC-DC ya ampea 20 hivi, yenyewe inapandisha volti. Vuta waya mpya wa 16mm² (unene wa shaba ndani, si kipenyo), na waya wa athi, ule wa hasi, nao uwe saizi hiyo hiyo, watu wanasahau, fyuzi kila upande karibu na betri. Saizi usihangaike, friji yako ikikimbia inakula kama ampea 4, usiku inakimbia kama nusu ya muda, masaa 12 ni 24Ah. AGM ya 100 inakupa 50 bila kuiumiza. Labda kama mnalala siku mbili gari halitembei, hapo ndio mzee wa naabi anashinda, na chaja hakikisha ina mpangilio wa lithiamu ili siku ukihamia usinunue nyingine.

mpika_porini
Aisee kumbe nilikuwa nalaumu marehemu bure. Naanza na waya na chaja, halafu AGM. Hii N70 nikiichaji taratibu nyumbani haiwezi kurudi? Natoka Jumamosi na mfuko umekauka.

fundi_volti
Ijaze, iache bila kuguswa mpaka asubuhi, pima. Ikisoma 12.6 kwenda juu ipe trip moja na inveta usiiwashe injini ikiwa imezimwa. Ikisoma 12.2 peleka kwa wa chuma chakavu, wanapima kwa kilo, na usimwage maji yake mtaroni.

binti_wa_karatu
Barafu ninauza mimi, Jumamosi ukipita piga honi.