Steam Deck OLED au ROG Ally X, kwa mtu anayelala Kasumbalesa?

Duane_Usiku:

Wandugu, yambo. Mimi ni wa Lubumbashi, komini ya Katuba, lakini usiku nne kila juma nalala Kasumbalesa. Kazi yangu ni kupitisha mizigo duane, yaani forodhani: malori ya shaba yanayotoka kwenda Zambia, na yale ya bidhaa yanayoingia. Hati zikikwama, nakaa kwenye kabini na dereva hadi alfajiri. Yeye analala kitanda cha nyuma, mimi kiti cha mbele, taa zimezimwa, na mbele yetu foleni ya taa nyekundu haisogei. Simu nimeichoka. Tangu Januari naweka pesa kando ninunue kompyuta ya gemu ya mkononi.

Ndugu yangu anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi. Steam Deck OLED ya giga 512 ataniletea kwa dola 680. ROG Ally X ni dola 930. Legion Go nimeshaitoa kwenye hesabu. Niliishika kwa rafiki, skrini yake ya inchi 8.8 ni tamu kweli, lakini ina gramu 854 na nusu saa haikuisha kabla mikono haijaanza kuuma.

Nataka kucheza nini? Red Dead Redemption 2, ambayo naisubiri miaka. Hades. Stardew Valley, maana mke wangu naye anaipenda. Na FC, ile gemu ya mpira ya kampuni ya EA, kwa sababu pale mpakani madereva wote ni watu wa mpira, na mimi shabiki wa Lupopo sitakubali kukaa kimya mbele ya watu wa Mazembe.

Shida zangu ni mbili. Umeme: nyumbani unakatika karibu kila jioni, na kwenye lori kuna ile soketi ya kiberiti tu. Intaneti: nanunua giga kidogo kidogo, na Red Dead peke yake inaomba nafasi ya giga 150. Nikikosea hapa sina pesa ya kununua mara ya pili. Nisaidieni kwa moyo.

Kamalondo7:

Yaya, umeandika FC, basi jibu limeshatoka. Steam Deck inatumia SteamOS, ambayo ni Linux, mfumo tofauti na Windows. FC inakuja na programu ya EA ya kuzuia udanganyifu, na hiyo haikubali Linux. Usifikiri ni mtandaoni tu: hata ukitaka kucheza peke yako, gemu haifunguki kabisa. Fortnite na Valorant ni hivyohivyo. GTA V yenyewe inacheza, ila upande wa Online ulifungwa kwa watu wa Deck tangu Septemba 2024.

Ally X ina Windows, kila kitu kinaingia. Betri ni wati-saa 80 na ile ya Deck ni 50. Kumbukumbu giga 24 kwa 16. Skrini ni 1080p na inafika 120 Hz. Ongeza hizo dola 250, ulale salama.

Fundi_wa_Rwashi:

Mimi ni fundi wa umeme, niongee ya umeme. Kamalondo7 amesema kweli kuhusu FC, lakini 80 kwa 50 mtu asiisome kama mbio za magari. Ally X kwenye hali yake ya nguvu inakipa kichakataji wati 25. Ongeza skrini, feni na vingine, inapita 30 kirahisi. Basi 80 hiyo inakwisha kwa saa mbili na kitu. Ishushe hadi wati 13 au 17, hapo ndipo utaona faida ya betri kubwa. Deck kichakataji chake hakipiti wati 15. Gemu nzito ikinywa wati 22 kwa jumla, 50 gawanya kwa 22, ni saa mbili na robo. Hades ni nyepesi, itakupeleka mbali zaidi.

Sasa lori, na hapa sikiliza vizuri. Lori lako lina volti 24. Gari dogo lina 12. Chaja nyingi za kiberiti zinazouzwa barabarani zimetengenezwa kwa 12 tu. Mteja mmoja aliniletea yake baada ya kuichomeka kwenye lori: plastiki imeyeyuka upande mmoja kama mshumaa, na fyuzi ya lori imekwenda nayo. Geuza chaja usome maandishi madogo. Lazima iseme 12-24V, na lazima iwe na USB-C ya PD, ile ya chaji ya haraka. Deck inataka wati 45, Ally X inakuja na chaja ya 65. Ukiipa Ally X wati 20 huku unacheza, betri itaendelea kushuka tu.

Pawabenki ya mAh 20,000 usiihesabu kama inavyoandikwa. Zidisha kwa volti 3.7, upate wati-saa 74, na kinachofika kwenye mashini ni kama 60. Kwa Deck hiyo ni chaji nzima na zaidi kidogo. Kwa Ally X haijazi.

Halafu vumbi. Barabara ya Kasumbalesa wakati wa kiangazi unaijua. Kila miezi miwili safisha tundu za feni kwa brashi laini ya rangi, na uzuie feni isizunguke. Kifuniko cha nyuma cha Deck OLED kina skrubu nane za Torx T6, na vipuri vyake vinauzwa wazi. Mimi kifaa kinachofunguka bila vita nakiheshimu.

Yaya, nikuulize: hiyo FC unaicheza usiku ngapi, na unaicheza na nani?

MamaWaBelAir:

Mwanangu, mimi nina Deck OLED mwaka wa pili. Niliipata kwa mtoto wangu aliyeko Ubelgiji. Huku kwetu Valve, kampuni inayoitengeneza, haiuzi rasmi, kwa hiyo usitegemee garantii.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kulala kwake. Nacheza, jirani anagonga mlango, nabonyeza kitufe cha juu mara moja. Saa tano baadaye nabonyeza tena, na farasi wa ndani ya gemu bado ameinua mguu uleule. Kwa kazi yako ya kuitwa ghafla na afisa, utaibariki. Windows hailali hivyo. Ukichukua Ally X, iweke kwenye hali ya kuzima kabisa na kuhifadhi, usiiache ilale ndani ya begi.

Kuhusu megabaiti: Steam, duka la gemu la Valve, tangu 2023 inaruhusu gemu kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa Wi-Fi ya nyumbani. Intaneti inatumika kidogo tu ya kuthibitisha. Mimi Red Dead ninayo kwenye kompyuta ya mezani. Wewe inunue kwa akaunti yako, tuwe marafiki kwenye Steam, nifungue ruhusa upande wangu, uje uichukue. Na kabla ya kwenda mpakani fungua kila gemu mara moja ukiwa na intaneti, ndipo uweke Steam nje ya mtandao. Ukisahau hilo, utafika kule gemu ikatae.

Ukichagua Windows, iambie hiyo Wi-Fi ina kipimo, la sivyo masasisho yatakula giga zako za juma kwa usiku mmoja.

Kamalondo7:

Mama, hiyo ya kuhamisha sikuijua, aksanti. Lakini bado nasema mtu wa FC asinunue Deck. Najua inawezekana kuweka Windows juu yake, na programu ndogo za kuendesha vifaa vyake (drivers) Valve wanazitoa, ila ni kazi juu ya kazi.

Duane_Usiku:

Swali la Fundi lilinikalisha. Nilihesabu juma lililopita. Usiku nne kule, na FC ningeicheza na mtu usiku mmoja tu, tena watu wawili wazima tumeinamia skrini ya inchi 7, na pedi ya pili ningepaswa kununua. Hizo nyingine tatu nilikuwa peke yangu, na niliitwa dirishani mara sita. FC ninaicheza kweli siku ya Jumapili, kwa shemeji yangu, kwenye PlayStation na televisheni kubwa.

Kamalondo7, ungeniambia haya bila Fundi ningechukua Ally X, na nafikiri ningekuwa naibeba ili nicheze FC usiku mmoja. Nimemwandikia ndugu yangu leo: Deck OLED. Dola 250 zinazobaki, sehemu yake ni chaja ya 12-24V yenye wati 45 na pawabenki.

Mama wa Bel-Air, ikifika nitakuja Jumamosi asubuhi, kabla umeme haujakatika. Niambie tu kama nilete kadi ya SD, na kama watoto wanakula vitumbua.

MamaWaBelAir:

Wanakula. Lete kadi.