Brave Souls, Genshin au Uma Musume? Simu gigi 64, bando la kuhesabu

bintiKibokoni
Salamu kwa wapenzi wa manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, wa Mombasa na viunga vyake. Bleach nimeimaliza, juzuu zote 74, na anime yake, katuni ya video, nimeifuata tangu iliporudi Oktoba 2022. Sasa nataka gemu ya gacha, zile za kuvuta wahusika kwa bahati, ya kucheza usiku baada ya isha. Nimebaki na tatu: Bleach Brave Souls, Genshin Impact, na Uma Musume ambayo binamu yangu haachi kuitaja.

Masharti yangu ni haya. Simu ni gigi 64 na nusu yake imeliwa na video za harusi. Nyumbani hakuna waifai, ni bando tu. Nikilipa, isipite shilingi 650 kwa mwezi. Kusubiri nitasubiri, sina shida. Nisilotaka ni kupigwa danadana. Na swali la pili: ni afadhali gemu ambayo hadithi yake ninaijua tayari, au nianze ulimwengu mpya kabisa?

KasaWaMtwapa
Dada, mimi ni wa Genshin tangu 2020 ilipotoka, kwa hiyo ujue naegemea wapi. Hesabu hizi hapa, maana hakuna anayekupa hesabu, wote wakwambia "ni tamu".

Mhusika wa nyota 5 ana uwezekano wa asilimia 0.6 kwa kila mvuto. Ukivuta mara 10, uwezekano wa kupata hata mmoja haufiki asilimia 6. Ukikaribia mvuto wa 74 uwezekano waanza kupanda kwa kasi, na wa 90 lazima atoke mtu. Atoke mtu, si lazima atoke *wako*. Wa kwanza ni karibu nusu kwa nusu kuwa ndiye aliye kwenye bango, yaani lile dirisha la muda la kumvuta mhusika fulani. Ukikosa, wa pili ni yeye bila shaka. Mwenye mkosi wa mwisho kabisa atavuta mara 180.

Sasa mfuko. Mvuto mmoja ni Primogem 160, hiyo ndiyo sarafu ya ndani ya gemu. Kazi za kila siku zakupa 60. Ukilipia Welkin, kifurushi cha mwezi, ambacho ni dola 5 kasoro senti moja, yaani ndiyo hiyo 650 yako, wapata 300 papo hapo na 90 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 4,800 kwa mwezi, mivuto 30. Miezi mitatu wafika 90. Hapo sijahesabu matukio na masanduku ya kwenye ramani, na hayo ni mengi. Niambie gemu gani nyingine yakuwekea mambo wazi hivyo.

fundiSaba
Kasa umesahau simu yenyewe. Natengeneza simu Mwembe Tayari, hii ni kazi yangu. Genshin yala zaidi ya gigi 20, na kila baada ya wiki sita hivi laja toleo jipya, shusha tena. Kwa bando? Hiyo 650 itaishia kwenye data kabla haijafika kwenye Welkin. Brave Souls haifiki nusu ya ukubwa huo. Uma Musume nayo ni gigi kadhaa, yavumilika ukifuta hizo video za harusi au uzihamishe.

Halafu joto. Januari hadi Machi hapa kwetu, simu iko kwenye chaja, gemu imewashwa, feni yazungusha hewa ya moto tu. Betri yachoka kabla ya mwaka. Ukicheza Genshin toa kava, punguza ubora wa picha hadi chini kabisa, na usichaji huku wacheza.

farasiWaNyali
Binamu yake ni mimi, salaam. Na kabla hamjacheka jina: ndiyo, Nyali farasi wako, wale wa kupanda watalii ufuoni, na wala sijawahi kupanda.

Uma Musume wengi huiona picha wakaikimbia. Wasichana wenye masikio ya farasi, wakimbia mbio. Lakini kila mmoja amebeba jina na historia ya farasi halisi wa Japani. Oguri Cap alikuwepo kweli, alianzia uwanja mdogo wa Kasamatsu akapanda hadi mbio za kitaifa mwaka 1988, nchi nzima ikamshangilia. Anime ilitangulia 2018, gemu ikatoka Japani Februari 2021, na kwa Kiingereza tumeipata Juni 2025. Katikati yake kukatokea manga, Cinderella Gray, ya huyo Oguri Cap, nayo ikageuzwa anime 2025. Kwa hiyo hapa njia imejipinda: mradi wa gemu umezaa manga, manga ikazaa anime, na anime yarudisha watu kwenye gemu.

Kiwango ni asilimia 3 kwa wahusika wa juu, na ukifikisha mivuto 200 kwenye bango moja wamchukua unayemtaka. Ila nikuchane ukweli: gharama haiko kwa wahusika. Iko kwenye kadi za msaada, zile za kumfunzia mkimbiaji wako. Kadi moja nzuri haitoshi, waitaka mara kadhaa hiyo hiyo ili ifike nguvu yake yote. Hapo ndipo watu huvuliwa nguo.

mzeeWaBleach
Nimesoma yote. Hesabu ya Kasa ni sahihi na onyo la Fundi ni la kweli, lakini bintiKibokoni aliuliza swali la pili na hakuna aliyelijibu. Mimi naliona ndilo kubwa.

Gacha haikuuzii mchezo. Yakuuzia hamu ya mtu fulani. Sasa jiulize, hamu hiyo imetoka wapi? Kwenye Genshin mhusika humjui. Waletewa hadithi, saa mbili tatu nzuri sana, muziki wa maana, analia, anacheka, na bango lake limefunguliwa wiki ile ile. Aliyekufanya umpende ndiye aliyeshika mashine, na saa ni yake. Siku 21 bango linafungwa. Hadithi ni nzuri, sisemi si nzuri. Nasema duka na hadithi vimewekwa mlango mmoja.

Kwenye Brave Souls wewe waingia ukiwa ushasoma juzuu 74. Manga ilianza 2001 ikaisha 2016. Wajua nani wako. Kama ni Unohana, yule mhusika wa Bleach, ni Unohana. Likija bango la mtu usiyemjali walipita, hata akiwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote mwezi huo. Manga iliyokwisha yakukinga, kwa sababu gemu haiwezi kukupangia umpende nani. Na gemu yenyewe ipo tangu 2015, ishaonyesha haikimbii kesho. Jamaa walioweka fedha kwenye gemu ya Naruto Blazing waliona seva ikizimwa 2021, na Dragalia Lost ikafuata Novemba 2022. Ukurasa wa manga hauzimwi na mtu.

Gemu yenyewe usitarajie makubwa. Ni kupiga adui makundi kwa makundi, jukwaa dogo, dakika mbili umemaliza. Michoro ya zamani. Ukitoka kwenye anime mpya utaona imechakaa.

KasaWaMtwapa
Mzee, hoja nzuri lakini ina tundu. Na yeye anayefuata anime ya Bleach? Brave Souls huleta wahusika kwa sura za anime mpya, wakati ule ule anime yaonyeshwa. Si mlango ule ule huo?

mzeeWaBleach
Tundu nalikubali, lakini dogo. Anime haikumgeuza mtu niliyemjua. Ilimkamilisha. Na hapa wacha niingie kwenye jambo la kuigeuza manga kuwa anime, maana nimelingoja.

Anime ya kwanza ya Bleach ilienda 2004 hadi 2012, vipindi 366. Ilikuwa yaikimbiza manga ambayo bado yaandikwa, ikawa kila ikikaribia mno, wanajazia. Wale maadui waitwao Bount walianza kipindi cha 64 wakakaa zaidi ya vipindi 40, na mangani hawamo hata ukurasa. Kisha 2012 ikakatwa kabla ya vita vya mwisho. Tukakaa miaka kumi. Iliporudi manga imekwisha, hakuna cha kukimbiza, na Kubo mwenyewe, mtunzi wa manga, yumo akisimamia. Wakaongeza mapigano ambayo mangani yalipita upesi au hayakuchorwa kabisa. Kwa hiyo msiniambie anime nzuri ni ile isiyobadilisha kitu. Bount ni nyongeza, na mapigano mapya ya walinzi wa mfalme ni nyongeza. Moja ilitoka kwa mtu wa kujaza muda, nyingine kwa mwenye hadithi.

bintiKibokoni
Na The Promised Neverland? Msimu wa kwanza, 2019, nilikuwa sipumui. Wa pili, 2021, niliwekea bando, nikaona sehemu ya Goldy Pond ya mangani imerukwa yote, na mwisho ni picha zapita tu mfululizo kama za mahafali. Ile manga wakati huo ilikuwa ishakwisha! Kwa hiyo kuisha kwa manga si kinga ya kila kitu, mzee.

mzeeWaBleach
Hapo umenipiga. Sina jibu.

fundiSaba
Mimi ni wa Fullmetal Alchemist ya 2003, na najua nitatukanwa. Manga ilikuwa bado yaendelea, studio ikatunga nusu ya pili yake yenyewe, na ikatoka nzito, ya huzuni, tofauti kabisa. Ya 2009 yafuata manga hadi mwisho, vipindi 64, na wote mwaipenda. Ile ya kwanza ndiyo inayonirudia usiku.

farasiWaNyali
Fundi, tuko pamoja. Tuko wawili tu, lakini tuko.

ustadhiPixel
Nauliza bila ugomvi. Mtu atoa fedha, hajui atapata nini, huenda akapata asichotaka. Hiyo si kamari? Surat al-Maida aya ya 90 haijataja simu, lakini jambo ni lile. Hata Japani yenyewe mwaka 2012 walipiga marufuku aina moja, ile ya kukusanya seti ya vitu vya bahati ili upewe kimoja cha juu. Na Januari 2025 Marekani, kampuni ya Genshin ilikubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia walio chini ya miaka 16 visanduku vya bahati bila idhini ya wazazi.

KasaWaMtwapa
Ustadhi, mimi nacheza bure sasa. Sitoi hata shilingi, navuta kwa Primogem za kazi za kila siku. Hapo nimebeti nini?

ustadhiPixel
Fedha hukuweka, hilo nalikubali. Muulize mwenye elimu kuliko mimi. Ila Welkin nayo itazame vizuri: kile unacholipia wakijua, lakini mwisho wake ni mvuto ule ule.

mamaWawili
Naingia kidogo. Mwanangu ana miaka 11 na simu ni yangu, M-Pesa yangu iko humo. Mbali na kamari, kuna njia ya kuzuia asinunue?

fundiSaba
Ipo, mama. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia mipangilio, tafuta sehemu ya kuthibitisha ununuzi, weka iulize uthibitisho kwa *kila* ununuzi. Kisha pini ya M-Pesa asiijue, na alama ya kidole chake isiwe kwenye simu hiyo. Wengi husahau hilo la kidole.

bintiKibokoni
Nimeamua Brave Souls, na nitaanza bila kulipa. Lile la kujua nani wako kabla ya kuingia limenikaa, ingawa mzee hakunijibu la Neverland. Genshin nitaitazama kwenye simu ya Kasa tukikutana Lighthouse. Namtaka Unohana na sitaki mwingine. Nianze wapi?

mzeeWaBleach
Usivute bango la kwanza utakaloliona, hata likiwa na taji na fataki. Piga hadithi kuu kwanza, Orb za bure, sarafu ya kuvutia, nyingi ziko humo, na kila hatua yalipa mara ya kwanza tu. Ziache zirundikane. Wahusika wa Bleach hurudi kwa sura mpya, Unohana si wa kupita mara moja.

Na kabla hata hujamaliza mafunzo, unganisha akaunti. Kuna watu walicheza bila kuunganisha, simu ikatoka mfukoni kwenye msongamano wa Kongowea, na kila kitu kikaenda nayo.

bintiKibokoni
Yashuka sasa hivi, asilimia 31. Bando la usiku.