Dakika 20 mbele ya watengenezaji wa kompyuta za mkononi: tudai nini ili programu huria ipate nafasi?

nyando_dev (Kisumu)

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Pendekezo letu limepita: mwezi ujao tutazungumza kwenye mkutano wa wasanidi wa kompyuta za mkononi, Nairobi. Tumepewa dakika 20, kisha 5 za maswali. Ukumbini watakuwepo wahandisi wa viwanda viwili vinavyotengeneza vile vifaa vya Android vyenye skana kichwani na printa ya risiti ndani. Ndivyo vinavyopokelea maziwa kwenye vyama vya ushirika tunavyovihudumia, kuanzia Nandi hadi Molo: kifaa kinaskani kadi ya mwanachama, kinasoma kilo kutoka kwenye mizani kwa Bluetooth, kinatoa risiti.

Programu yetu ni huria, leseni ya Apache 2.0. Vifaa ni 60, vyote Android 11 na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) 4.19. Shida ni hizi: maktaba ya printa imefungwa, kwa hiyo F-Droid, duka la programu huria za Android, hawaipokei APK yetu (faili la kusakinishia programu), butiloda, yaani programu inayowasha mfumo, imefungwa, masasisho ya usalama yamekoma, na msimbo chanzo wa kerneli haupatikani popote. Slaidi ya kwanza tumeandika "Fungueni vifaa vyenu". Mngeanzia wapi ili wale wahandisi warudi kazini na kitu cha kutekeleza?

kerneli_nakuru

Ndugu, iondoe hiyo slaidi. Haimwambii mhandisi afungue nini, kwenye modeli ipi, kufikia lini, na hana la kumpelekea mkubwa wake. Yagawe madai yenu mafungu mawili na msiyachanganye: kuna deni, na kuna hisani.

Deni ni kerneli. Kerneli ya Android ni Linux, nayo hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, la mwaka 1991. Kifungu cha 3 kinamtaka anayesambaza programu iliyokwisha kujengwa aambatanishe msimbo chanzo wake, au atoe ahadi ya maandishi, inayodumu miaka 3 au zaidi, ya kumpa mtu yeyote atakayeuomba kwa bei isiyozidi gharama ya kuufikisha. Skripti za kujengea na kusakinishia zimo ndani ya deni hilo. Huhitaji kumbembeleza mtu hapa. Unamkumbusha tu, kwa adabu, na ushahidi mkononi.

Ushahidi wenyewe unaingia kwenye ukurasa mmoja. Chomeka kifaa kwenye kompyuta yenye adb, zana ya kukipa kifaa cha Android amri, kisha uchapishe majibu ya amri hizi:

adb shell getprop ro.build.fingerprint
adb shell getprop ro.build.version.security_patch
adb shell uname -a
adb shell zcat /proc/config.gz

Ya mwisho hugoma kwenye vifaa vingine. Ikikubali, hifadhi faili lote, utalihitaji. Halafu fungua Mipangilio, sehemu ya maelezo ya kisheria, uangalie kama ile ahadi ya maandishi imo. Isipokuwemo, piga picha ya skrini.

Barua pepe ya kuomba msimbo itumeni sasa hivi, msingoje siku ya mkutano. Itajeni modeli, namba ya toleo kama ilivyo kwenye fingerprint (jibu la amri ya kwanza), na kifungu cha 3. Mkiletewa kabla ya mkutano, washukuruni jukwaani kwa jina la kiwanda. Ila kwanza jaribuni kuujenga, maana ndipo kasoro zinapojitokeza. Mara nyingi defconfig (faili la mipangilio ya kujengea kerneli) iliyomo ni ya bodi ya mfano ya mtengeneza chipu, siyo ya kifaa chenu. Ilinganisheni na config.gz mliyohifadhi. Au faili za device tree, zinazoieleza kerneli vipande vya kifaa, hazimo: kerneli inajengeka vizuri lakini skrini inabaki nyeusi. Au msimbo ni wa toleo jingine, na moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa pembeni, kama draiva) zilizoko kwenye kifaa zinakataa kuingia. Hilo la tatu lina saini yake kwenye logi:

disagrees about version of symbol module_layout

Ukiona mstari huo, waifai haiwaki, na sababu unayo. Uwekeni kwenye slaidi kwa herufi kubwa; mhandisi wa kerneli akiuona ataelewa kabla hujafungua mdomo. Kumbuka tu kwamba kosa hilo utaliona kwenye kifaa ambacho butiloda yake imefunguliwa. Kwenye vyenu mtaishia kujenga na kulinganisha, basi semeni hivyo hivyo.

Butiloda sasa ni hisani. Kuna wanaosimama na kudai kwamba GPL inalazimisha ifunguliwe. GPL toleo la 3, la 2007, ndilo lina masharti ya wazi kuhusu maelezo ya usakinishaji kwa bidhaa za watumiaji wa kawaida. Kerneli imebaki toleo la 2. Mkilitamka hilo kama sheria, mtu wao atawasahihisha mbele ya watu, na hata deni lenu la haki litaonekana la kubahatisha. Ombeni kitu chembamba: amri ya kufungua butiloda, fastboot flashing unlock, iruhusiwe kwa namba ya siri ya kila kifaa, kwa modeli ambazo kiwanda kimeacha kuzisasisha. Sababu mnayo: matengenezo ya kerneli 4.19 kwenye kernel.org yalifungwa Desemba 2024. Tangu hapo, ama kiwanda kibebe viraka chenyewe, ama kiwaachie wengine wavibebe. Na mkipewa, msisahau kwamba kufungua hufuta data yote. Rekodi za maziwa zitumwe ofisini kwanza.

mizani_kitale

Kwenye deni niko na wewe, lakini mpangilio ningeugeuza. Mkulima aliyesimama na kibuyu chake saa kumi na mbili asubuhi hasumbuliwi na kerneli. Anasumbuliwa na risiti isiyotoka. Anzeni na printa na skana: ni ombi dogo, na mhandisi anaweza kulikubali hapo hapo bila kumuuliza wakili.

Msiombe msimbo wa printa. Ombeni faili la AIDL, yaani orodha ya miito ambayo huduma ya printa inaielewa, litolewe hadharani kwa Apache 2.0. Utekelezaji wake ubaki kwao. Programu yenu itaiita huduma hiyo bila kubeba maktaba iliyofungwa ndani ya APK, na kile kizuizi cha F-Droid kinaondoka. Ukipita nyuma ya huduma hizo, nyingi ni ESC/POS ile ile, lugha ya amri za printa za risiti: 1B 40 kuanzisha upya, 0A kusogeza mstari. Karatasi ya milimita 58 ina nukta 384 kwa upana, herufi 32 kwa mstari kwa fonti ya kawaida. Siri kubwa haipo hapo, na hilo lisemwe kwa upole.

Skana nayo, ombeni mistari mitatu tu ya maelezo: jina la action ya intent (ujumbe ambao Android huupeleka kwa programu) inayorushwa, jina la extra (sehemu ya ujumbe huo) lenye data, na jina la extra lenye aina ya msimbo pau. Bila hiyo watu hurudi kwenye hali ya kibodi, ambapo skana huandika tarakimu kana kwamba mtu anabonyeza. Tarakimu hizo huingia popote kielekezi kilipo. Karani akiwa amegusa sehemu ya kilo halafu akaskani kadi, namba ya mwanachama 00417 inakaa mahali pa uzito, na mkulima anaandikiwa kilo 417. Onyesheni hilo moja kwa moja mbele yao. Linachukua sekunde 15 na halihitaji maelezo.

Msingoje mkutano kwa F-Droid. Kwenye Gradle, zana ya kujengea programu, tengenezeni productFlavors (matoleo ya programu) mbili: moja yenye maktaba ya kiwanda kwenye saraka yake, nyingine safi inayotuma ESC/POS kwa printa ya nje ya Bluetooth. Ile safi wasilisheni leo.

Jambo la mwisho: kiwanda husikiliza mnunuzi. Waombeni makatibu wa vyama waandike barua yenye mhuri kwamba ununuzi ujao utakuwa na masharti: msimbo wa kerneli siku ya kukabidhiwa, masasisho ya usalama kwa miaka inayotajwa, na kufunguliwa kwa butiloda muda huo ukiisha. Vyama vitano kwenye karatasi moja vina uzito kuliko slaidi 30.

nyando_dev (Kisumu)

Asanteni sana. Slaidi imetoka. Maswali mawili. Mwenzetu mmoja anahofia watasema tu "modeli mpya inatumia kerneli ya Google, waulizeni Google". Na je, tutoe mifano gani ya kuonyesha kwamba kiwanda hakipati hasara?

mwalimu_maseno

Mfano wa zamani wa vifaa hivi hivi vya mkononi ni Palm. Pilot, kompyuta yao ya mkononi, ilitoka 1996. Msanidi wa nje, Greg Hewgill, aliandika kiigizaji, programu ya kuiga Pilot kwenye kompyuta, kilichoitwa Copilot. Palm wenyewe wakakichukua, wakakiendeleza kuwa Palm OS Emulator na kukitoa kwa GPL. ROM, yaani mfumo wenyewe wa kifaa, hawakuifungua, msanidi aliiomba kwao. Sambamba na hapo palikuwa na prc-tools, zana za kujengea programu zilizojengwa juu ya GCC, kikusanyaji huria, hivyo mtu asiye na pesa za CodeWarrior, zana ya kulipia, aliweza kuandika programu. Walifungua kile kilichowasaidia wasanidi, wakabaki na mfumo wao. Ombi la AIDL ni la namna hiyo hiyo, nalo ningelitetea kwa mfano huu.

Wa karibu na nyumbani: OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004, mizizi yake imo kwenye kazi ya AMPATH, mpango wa afya pale Eldoret, na KenyaEMR imejengwa juu yake. ODK, zana huria ya kukusanya data kwa simu iliyoanza Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ilitumiwa mapema na AMPATH hao hao kwenye simu za Android za wahudumu waliokwenda nyumba kwa nyumba. Mtengenezaji anayesema programu huria haina wateja upande huu wa nchi, mwambieni hilo.

Kuhusu maonyesho: msitegemee waifai ya ukumbi. Tumieni scrcpy kwa waya wa USB kuonyesha skrini ya kifaa kwenye projekta, na mbebe kifaa cha pili chenye chaji. Mizani ikienda nanyi, onyesheni pia mstari unaotoka kwenye mlango wa serial wa Bluetooth. Nyingi hutuma kitu kama ST,GS,+ 12.4kg. ST maana yake uzito umetulia, US bado unayumba. Programu inayopokea bila kuangalia herufi hizo mbili humpunja mtu. Mnaweza kuliona na kulirekebisha kwa sababu msimbo ni wenu, na sioni hoja bora ya programu huria mbele ya chama cha maziwa.

kerneli_nakuru

Kwa hilo la Google: vifaa vilivyozinduliwa na Android 12 na kerneli 5.10 kwenda juu hutumia kerneli ya pamoja, GKI, na draiva za kiwanda hukaa pembeni kama moduli. Jibu lao ni kweli nusu. Chukueni kila moduli, yaani faili la .ko, mlipitishe kwenye amri modinfo -F license. Inayojibu GPL, kiwanda chenyewe kimeitangaza kuwa ya GPL, na msimbo wake unaombwa kwao, siyo kwa Google. Nendeni na orodha ya majina ya moduli hizo.

Na kwenye zile dakika 5, ulizeni swali linalojibiwa kwa tarehe: "Msimbo wa kerneli wa toleo hili utawekwa hadharani lini, na nani wa kumwandikia?" Mmoja wenu aandike jina la mjibu na maneno yake papo hapo. Siku hiyo hiyo jioni mtumieni barua pepe yenye alichoahidi, tarehe, na ule ukurasa wa amri nne. Mkichelewa wiki, atakuwa amesharudi kwenye kazi nyingine.