Simbilisi mmoja ananenepa, mwenzake anakonda, chakula ni kilekile: naomba ushauri

Banda la Uani: Habari zenu wakuu. Nina simbilisi wawili, majike, umri miaka 2, wanakaa banda moja. Mmoja ana gramu 1,240. Mwenzake wiki tatu zilizopita alikuwa na 910, leo mzani wa jikoni unasoma 780. Asubuhi wanapewa pumba ya mahindi na mabaki ya mkate, jioni mchicha na karoti. Huyu anayekonda ndiye wa kwanza kukimbilia chombo, kwa hiyo hamu ya kula anayo. Ni minyoo? Na mnene nimpunguzie chakula kiasi gani?

Ukoka: Mkuu, kutoka 910 hadi 780 ni asilimia 14. Gramu 20 au 30 hupanda na kushuka kwa mkojo na tumbo lililojaa tu, ndiyo maana anapimwa saa ileile, kabla ya kulishwa. Akipoteza 50, mpime kila siku. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, ni daktari wa mifugo. Wako ameshapita hapo.

Minyoo iache kwanza. Mwangalie akitafuna kwa dakika tano. Akiokota jani na kuliangusha, akitafunia upande mmoja, au kidevu kikilowa mate, shuku magego. Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyuzi za majani. Pumba na mkate havisagi kitu. Magego ya chini yakirefuka huinamia ndani mpaka yanaubana ulimi. Mnyama anakimbilia chombo kwa njaa, lakini kutafuna na kumeza kunamwia vigumu. Meno ya mbele yanaweza kuonekana mazima kabisa, usidanganyike. Wala usiyakate kwa mkasi wa kucha, jino hupasuka.

Mama Pera: Na vitamini C je? Simbilisi hawezi kujitengenezea, sawa na sisi binadamu. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku, na kwenye pumba haipo. Ikikosekana viungo vinauma, fizi zinavuja damu, uzito unashuka. Gramu 20 za hoho mbichi zinatoa kama miligramu 16. Pera lina nyingi zaidi, ila lina sukari, kipande kidogo kinatosha. Kidonge usikiyeyushe kwenye maji: vitamini inaharibika, na maji yakibadilika ladha atakunywa kidogo.

Ukoka: Sawa kabisa, ila hoho haitanyoosha gego. Wakati unatafuta daktari, loweka majani yaliyokaushwa na kusagwa mpaka yawe uji, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mililita 10 kila mlo, mara 5 au 6 kwa siku. Akae wima, usimlaze chali. Ingizia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ungoje atafune. Na ukiandikiwa amoksilini au penisilini ya kunywa, kataa: inaua bakteria wazuri wa utumbo, na simbilisi anaweza kufa kwayo.

Gramu kwa Gramu: Huyo mnene usimpunguzie, mbadilishie. Simbilisi mnene akishindishwa njaa, mafuta hukimbilia kwenye ini na anaweza kufa ndani ya siku chache. Majani ya ukoka au matete yakaushwe na yawepo usiku na mchana. Pumba ipungue taratibu kwa wiki mbili mpaka iishe, mkate toa leo. Mchicha mara mbili kwa wiki, maana ukizidi unachangia mawe kwenye kibofu. Asipungue zaidi ya gramu 20 hivi kwa wiki.

Lakini kwanza hakikisha ni mafuta. Kunja ngumi, papasa vifundo vya vidole vyako, kisha papasa mgongo wake: mifupa ikijitokeza hivyo, amekonda hata kama tumbo ni kubwa. Tumbo kubwa, mgongo mkavu na manyoya yanayonyonyoka mbavuni pande zote mbili ni dalili ya uvimbe kwenye ovari. Kama mgongo hauupati kabisa, ndiyo mafuta. Mwangalie na nyayo pia, uzito hutoa vidonda.

Banda la Uani: Asanteni. Mnene mgongo siupati. Mkondefu kidevu kimelowa kweli, na tangu asubuhi naona vinyesi vitatu tu, vidogo vya kuchongoka. Daktari ataweza Jumatatu.

Ukoka: Jumatatu ni mbali. Watenge kwa wavu ili ujue kinyesi ni cha nani, anza uji sasa hivi, na utafute daktari mwingine leo.