Tupeane uzoefu: hita ya gesi ya karavani inapogoma usiku wa baridi

Mwanzisha mada

Ndugu wasafiri, naianzisha mada hii baada ya usiku mmoja wa wiki iliyopita ambao mimi na mke wangu tuliukesha tukiwa na makoti ndani ya blanketi mbili, huku feni ya hita ya karavani yetu, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ikivuma vizuri kabisa na kutupulizia hewa ya baridi. Themostati, yaani swichi inayopima joto la chumba, ilipodai joto, feni ilianza kuzunguka, baada ya sekunde kama 15 nikasikia cheche zikilia tik-tik-tik, kisha kimya. Ikajaribu tena, na tena, halafu ikakata tamaa, ikabaki feni peke yake. Mimi nilishaamua kwamba bodi ya kuwashia imeungua, na nilikuwa nje kwa tochi nikifungua skrubu za kifuniko, mke wangu aliponiuliza kupitia dirishani: “Jiko linawaka?”

Swali hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo. Nilipowasha jiko, ulitoka moto mdogo kama wa mshumaa, ukayumba, ukazimika. Gesi haikuwa inafika, na mtungi nilikuwa nimeubadilisha jioni ileile, ukiwa mzito na umejaa. Kosa lilikuwa la mkono wangu: niliifungua vali ya mtungi kwa haraka hadi mwisho, wakati mpira wa kupitishia gesi ulikuwa mtupu. Mipira mingi inayokazwa kwa mkono ina kifaa kidogo cha usalama ndani ya kiungio chake, ambacho kikihisi gesi inatoka kwa kasi isiyo ya kawaida huchukulia kwamba mpira umekatika, kikaibana njia na kuacha upenyo mdogo sana. Nilifunga vali, nikazima kila kinachotumia gesi, nikasubiri dakika tano, kisha nikaifungua polepole mno, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Jiko likawaka moto wa bluu uliotulia, na hita ikashika kwa jaribio la kwanza.

Naomba basi kila mwenye kisa chake akieleze: dalili aliyoiona kwanza, alichokidhania, na kilichobainika mwishoni. Nina shaka kwamba hita husingiziwa mara nyingi kuliko inavyoharibika.

Fundi Nyaya

Shaka yako ni ya haki, ndugu yangu, na kisa changu kinaiunga mkono, ingawa kwangu mkosaji hakuwa gesi bali umeme. Hita yetu ilikuwa ikifanya kazi bila tatizo kila tulipounganisha karavani na umeme wa kambi, lakini tukitegemea betri, feni ilizunguka kwa sauti ya uvivu na cheche hazikusikika hata mara moja. Hapo ndipo tofauti na kisa chako, na ningependa wasomaji waishike tofauti hiyo: cheche zikilia bila moto, itafute gesi kwanza, feni ikizunguka bila cheche, uangalie umeme na njia ya hewa.

Sababu iko katika mpangilio wa kazi wenyewe. Themostati huiamsha feni. Upepo wa feni husukuma kijibamba chembamba kinachoitwa swichi ya upepo. Swichi hiyo ikijifunga, na swichi ya kuzuia joto kupita kiasi nayo ikiwa imejifunga, ndipo bodi huruhusiwa kufungua vali ya gesi na kupiga cheche. Feni isipofikia takriban robo tatu ya kasi yake, kijibamba hakisogei vya kutosha, na yote yanayofuata hayatokei. Hita haijaharibika, imekataa kuwasha moto mahali ambapo haina hakika kwamba hewa inapita.

Nilipima betri ikiwa haina mzigo nikapata volti 12.4, nikaridhika, na huko kuridhika kulinigharimu siku mbili. Kupima betri isiyobeba kitu ni kumwuliza mgonjwa hali yake akiwa amelala. Siku ya tatu niliweka ncha za multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye nyaya za hita yenyewe, nikamwomba mwanangu apandishe themostati, na nikaiona namba ikishuka mbele ya macho yangu: 12.1, 11.2, 10.3. Betri ilikuwa imezeeka kiasi, lakini sehemu kubwa ya upotevu ilikuwa kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu ya trela, ambapo boliti ilikuwa imevaa kutu ya kijani na nyeupe. Niliisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang’aa, nikaikaza upya, na kipimo kilekile, chini ya mzigo uleule, kikasoma 11.6.

Hesabu nyingine ya kuzingatia ni kwamba feni ya hita nyingi hula kati ya ampea 7 na 10. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 80, ambayo si busara kuitumia zaidi ya nusu, itaihudumia feni ya ampea 8 kwa saa tano za kuzunguka. Usiku wa baridi kali, hita inapofanya kazi zaidi ya nusu ya muda, betri hiyo haifiki asubuhi.

Mama wa Mbwa Wawili

Kisa changu ni kifupi. Dalili ni hizohizo za Fundi Nyaya, ila betri ilikuwa mpya na volti zilikuwa nzuri. Fundi alipoitoa swichi ya upepo, ilikuwa imefungwa shungi la manyoya ya mbwa lililosokotwa kama uzi wa kufumia. Aliifuta, akairudisha, akanitazama, akawatazama mbwa, hakusema neno.

Mlinda Kambi

Mimi nilitoa karavani ghalani baada ya miezi saba. Hita iliwaka mara moja, ikanguruma kwa sauti nzito ambayo sikuizoea, na ndani ya dakika chache pembeni mwa tundu la moshi, ukutani kwa nje, pakaanza kuwa na masizi. Niliizima hapohapo. Ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo mgumu kama kigae, na kilikuwa kimeziba zaidi ya nusu ya njia. Moto usiopata hewa ya kutosha haukamiliki kuungua, na hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Masizi yale yalikuwa onyo ambalo nilibahatika kuliona kwa sababu ilikuwa mchana.

Tangu hapo, kabla ya safari ya kwanza ya msimu, humulika tochi kwenye bomba la moshi la hita, kwenye kichomeo cha friji ya gesi, na kwenye mirija ya jiko, maana buibui nao hupenda kufuma ndani ya mirija ya gesi, na utando mmoja unatosha kuufanya moto uwe wa manjano na mlegevu. Kuhusu vile vyavu vya waya vinavyouzwa kwa ajili ya kuzuia wadudu, someni kwanza kitabu cha hita yenu, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hukataza kabisa kuviweka kwenye tundu la hita kwa hofu ya kubana hewa.

Mpenda Milima

Kwetu ilikuwa ni gesi yenyewe. Mtungi tuliujaza bondeni, kwenye joto, na hatukuuliza umejazwa nini. Usiku wa kwanza na wa pili mlimani hita ilifanya kazi. Usiku wa tatu, kipimajoto kikiwa nyuzi 4 chini ya sifuri, moto ulififia hadi ukazima. Nilipoutikisa mtungi, nilisikia kimiminika kikicheza ndani, tena si kidogo. Nikahitimisha kwamba regulata, kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi itokayo mtungini, imeganda, na nilipoteza asubuhi nzima kuifuta na kuifunika.

Jibu lilipatikana tuliposhuka. Mtungi ulikuwa na mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hugeuka mvuke hata katika baridi kali, lakini butani huchemka karibu na sifuri yenyewe. Katika siku zile mbili za mwanzo tulikuwa tukivuta zaidi propani, ambayo hutangulia kuvukiza, na kilichobaki kilikuwa butani iliyokaa mtungini kama maji. Gesi tulikuwa nayo, ila haikutaka kupanda. Sasa nikielekea kwenye baridi naomba propani kwa jina, na nabeba mtungi wa pili wa ziada.

Msafiri wa Alfajiri

Mngeupasha mtungi kidogo tu kwa hita ndogo ya umeme. Sisi tumewahi, na siku nyingine tuliwasha mafiga yote ya jiko tukapata joto la kulala.

Mwanzisha mada

Ndugu Msafiri, nakuheshimu kwa safari zako, lakini mambo hayo mawili nisingependa mtu ayachukue kutoka kwenye mada niliyoianzisha. Mtungi unaopashwa hupandisha shinikizo ndani yake, na usipojua umejazwa kiasi gani huwezi kujua uko umbali gani na hatari. Ndiyo maana mitungi hujazwa hadi asilimia 80 tu, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka. Jiko nalo halina bomba la moshi. Linakula oksijeni ya chumba unacholala na kuurudisha moshi wake humohumo.

Bibi Safari

Nimesoma yote na sijaona aliyeitendea haki regulata, kwa hiyo niruhusuni niwe mrefu kidogo.

Hita yetu iliwaka vizuri ikiwa peke yake. Ikiwaka friji na kichemsha maji kwa pamoja, hita hushika moto, hukaa sekunde chache, kisha huzimika. Mume wangu, ambaye hupenda kununua vipuri, alibadilisha kihisi cha moto, kisha ncha ya cheche, kisha bodi. Mimi nilikuwa jikoni napika chai usiku mmoja hita ilipoanza, nikaona moto wa jiko ukinywea kama mtu aliyeogopa, na hita ilipozima, moto ukasimama tena. Nikamwita aje aangalie. Hakuna kifaa cha kupimia kilichotufundisha zaidi ya sufuria ile ya chai.

Shinikizo la gesi baada ya regulata ni dogo mno. Katika mifumo mingi ya Marekani ni inchi 11 za maji, yaani kama milibari 27, na kwingine ni milibari 30 au 37. Namba sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha hita. Fundi aliyetusaidia hakuja na kifaa cha kifahari. Alikuja na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ameukunja umbo la U juu ya ubao wenye rula, ameutia maji yenye rangi. Alifunga vali ya mtungi, akaunganisha upande mmoja wa mpira wake na njia ya gesi upande wa baada ya regulata, kisha akafungua taratibu. Maji yakashuka upande mmoja na kupanda mwingine, yakasimama kwa tofauti ya sentimita 28. Vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kila kitu kilionekana sawasawa. Kisha akasema, “Mama, washa vyote.” Tofauti ikashuka hadi sentimita 15, na hita ikazima tukiwa tunatazama.

Alipoifungua ile regulata, ndani mlikuwa na mafuta ya manjano yanayonata, ambayo alisema hutokana na mpira wa mtungi kuzeeka. Regulata ya namna hiyo haitengenezwi, hubadilishwa, na mipira yake hubadilishwa pamoja nayo, la sivyo mafuta yaleyale huingia kwenye mpya. Alituonyesha pia kwamba tundu la kupumulia la regulata linatakiwa kuangalia chini, maana letu lilikuwa limegeuzwa pembeni na lilikuwa likipokea maji ya mvua barabarani. Bodi ya zamani bado iko kabatini. Ni nzima.

Mlinda Kambi

Bibi, baada ya kubadilisha, mlipima uvujaji kwa njia gani?

Bibi Safari

Kwa maji ya sabuni na brashi ndogo ya rangi, kila kiungio, polepole, na kamwe si kwa kiberiti. Sabuni isiwe na amonia, kwa sababu hula shaba. Na tulikuwa na sababu ya kuwa waangalifu. Miaka miwili nyuma king’ora cha gesi kililia saa tisa usiku. Kiko chini karibu na sakafu, kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu na hutuama chini. Hatukusikia harufu yoyote, na tukakumbuka kwamba betri ilikuwa dhaifu na king’ora hulalamika volti zikishuka, kwa hiyo mume wangu alitaka kukichomoa arudi kulala. Tulifungua milango, tukatoka, tukafunga mtungi. Asubuhi, betri ilipopimwa ilikuwa kweli dhaifu. Lakini nilipopaka sabuni kiungio cha nyuma ya jiko, pakachomoza povu moja dogo, likavimba hadi ukubwa wa punje ya dengu, likapasuka, likaanza lingine.

Mwanzisha mada

Nimetoka nje muda huu na multimita, baada ya kusoma maelezo ya Fundi Nyaya mara mbili. Gesi ni nzuri, jiko ni bluu, hita inawaka. Lakini chini ya mzigo, kwenye nyaya za hita, napata volti 10.8, na boliti ya waya wa hasi ina kutu ileile ya kijani. Jumamosi naanza na brashi ya waya, kisha niwaletee kipimo kipya.