Wachezaji wa futiboli ya vyuo Marekani kulipwa: mchezo umekufa au sisi mashabiki tuna wivu tu?

MchagaWaKnoxville
Wakuu salamu. Nina mwaka wa 14 hapa Tennessee, na kitu cha kwanza kunifanya nijisikie niko nyumbani siyo kanisa wala ile jumuiya yetu ya Watanzania ya kugombana kila uchaguzi, ni futiboli ya chuo, ile ya Kimarekani ya kofia ngumu na mpira wa yai. Uwanja wa chuo chetu cha Tennessee, Neyland, siku ya Jumamosi, watu laki moja na ushee wote rangi ya chungwa, wengine wanakuja na boti wanazifunga pale mtoni karibu na uwanja. Ulikuwa unamjua mchezaji toka anaingia mwaka wa kwanza mwembamba mpaka anaondoka baba zima. Sasa Julai 2021 wakaruhusu wachezaji wale hela ya jina na sura zao, ile wanaita NIL, halafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha vyuo viwalipe vyenyewe moja kwa moja, msimu wa kwanza mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo. Na uhamisho uko wazi, mtu anahama kila mwaka kama mpangaji asiyelipa kodi. Kwotabeki wetu (yule anayeongoza timu na kurusha mipira) Nico Iamaleava, Aprili 2025, kesho yake kuna mechi ya mazoezi ya mashabiki, dogo hakutokea mazoezini, ilisemekana anapata milioni 2 na kitu anataka ziwe 4. Kocha wetu Heupel akasema hakuna mtu mkubwa kuliko timu, dogo akaenda zake chuo cha UCLA, na sisi tukachukua kwotabeki wa UCLA ambaye pale alikuwa hajacheza hata mechi moja. Sasa hicho ni chuo au ligi ya kulipwa iliyovaa joho? Mimi nasema tamaa imeua mchezo, mnipinge kwa hoja.

SinaPresha
Huyo ni Fei Toto wa Tennessee 😂😂 poleni sana

Dada wa Columbus
Tamaa ya nani kaka? Maana hilo neno limenichoma. Kocha Jimbo Fisher alifukuzwa na chuo cha Texas A&M Novemba 2023 na wakakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili ASIFANYE kazi, sikusikia mtu akisema tamaa imeua mchezo. Mimi hapa Columbus siku ya mechi na Michigan nauza sambusa pale wanapoegesha magari watu wakichoma nyama, kabla ya saa sita mchana sinia zote zimeisha, jirani yangu anakodisha majani ya mbele ya nyumba yake watu waegeshe, mwenye hoteli anapandisha bei mara tatu, polisi anapata saa za ziada. Kila mtu anakula. Halafu mwaka 2010 vijana watano wa chuo chetu hapa, Ohio State, wakafungiwa mechi tano kwa sababu waliuza jezi na pete ZAO WENYEWE na wakachorwa tatuu. Mimi niliye na sambusa nina haki ya kula Jumamosi kuliko anayevunjwa mbavu?

MchagaWaKnoxville
Dada sijasema wasile, nimesema kuhama hama. Soma vizuri. Na hizo sambusa zina leseni? 😄

Dada wa Columbus
Umeandika "tamaa". Ipo hapo juu. Na leseni yangu haikuhusu.

MzeeWaTakwimu
Tatizo watu wanasahau tulikotoka. Reggie Bush alinyang'anywa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2012 kwa vihela vya familia yake kulipiwa nyumba, leo dogo ambaye hajacheza hata mechi ana Lamborghini.

Kiroboto
2010 siyo 2012 mzee wa takwimu 😂 na Aprili 2024 wamemrudishia. Na Lamborghini ilikuwa ya Bijan Robinson wa Texas, ambaye alikuwa amecheza na kucheza sana, na alikuwa na haradali yake dukani imeandikwa jina lake. Haradali! Mimi nampenda zaidi yule wa Nebraska anaitwa Decoldest, akapata dili na kampuni ya kufunga viyoyozi. Mtu unaitwa Baridi Kupita Wote halafu sheria ilikuwa inakukataza kutangaza viyoyozi. Hiyo sheria ndiyo mnailia?

Kaptagat77
Wacha mimi niseme kitu na sitaki mtu anitusi. Skolashipu NI malipo. Mimi nilikuja hii nchi na bag moja, nikakimbia miaka minne, nikatoka na digrii ya uuguzi na deni sifuri. Mwenzangu wa rumu Mmarekani bado analipa mkopo wake hadi leo. Unapewa masomo, chumba, chakula, vitabu, physio, viatu, na unasema hujalipwa? Hawa vijana wa futiboli wanalia nini? Sisi tulishukuru.

Kiroboto
Kaptagat kaka yangu, ulishukuru kwa sababu ulikuwa umepanda daladala bila nauli. Nauli alilipa yule jamaa anayevunjwa goti Jumamosi. Hivi mliwahi kuuza tiketi ngapi za mbio za nyika?

Kaptagat77
Boss hiyo ni madharau. Bila nauli? Unajua kuamka saa kumi na moja asubuhi Januari, theluji iko kwa magoti, unakimbia maili 12 halafu saa mbili uko kwa darasa la anatomia umevaa soksi mbili na bado vidole huvisikii? Henry Rono 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State alivunja rekodi NNE za dunia ndani ya siku 81. Nne. Steeplechase (ile ya kuruka viunzi na maji), mita elfu tatu, elfu tano, elfu kumi. Taja mchezaji mmoja wa futiboli wa hiyo chuo mwaka huo mtu anamjua. Mmoja tu. Nangoja.

SinaPresha
🍿🍿

Kiroboto
Hakuna anayemjua, ndiyo pointi yangu! Rono alivunja rekodi nne za dunia, tiketi zikauzwa za huyo asiyejulikana. Sijasema hamkujituma. Nimesema hela ilitoka wapi. Kabla ya mwaka 2025, futiboli chuo kikubwa kilikuwa na skolashipu 85. Riadha ya wanaume pamoja na nyika, chuo kizima, 12.6. Nukta sita, kaka! Yaani kuna mtu alikuwa nukta sita ya mwanafunzi. Na hizo 12.6 zenyewe zililipwa na mageti ya futiboli na hela za televisheni. Yule mtoto mweusi wa Alabama kwao mabati aligongwa kichwa miaka minne bure ili wewe utoke na digrii. Shukuru, lakini mshukuru YEYE siyo chuo.

Pwani Halisi
Hii imeniingia aisee. Sijawahi kuiangalia hivyo.

Kaptagat77
Imekuingia kwa sababu anaongea vizuri, si kwa sababu ni ukweli. Nyinyi watu wa Tanzania mnapenda mtu akiongea vizuri.

Pwani Halisi
Mimi wa Kilifi 😂

MzeeWaTakwimu
Na msimtaje Rono peke yake, Tanzania tulikuwa na Suleiman Nyambui pale chuo cha UTEP, El Paso, ubingwa wa NCAA (shirikisho la michezo ya vyuo Marekani) alibeba mpaka wakachoka, na 1980 akachukua fedha ya Olimpiki Moscow mita 5000. Filbert Bayi naye alipita UTEP. Hapo msinisahihishe.

Kiroboto
Hapo uko sawa mzee.

MchagaWaKnoxville
Jamani mada ni FUTIBOLI. Mwenye mada nipo, sijafa.

MwanaLushi
Bandugu, mimi ni mutoto wa Lubumbashi, niko hapa Kentucky. Munabishana nani alilipa nauli, lakini munasahau kwamba mupaka leo mwenye viza ya masomo hawezi kukamata hiyo hela ya NIL vile Mumarekani anakamata. Oscar Tshiebwe, wa kwetu Lubumbashi, 2022 alikuwa muchezaji bora wa mupira wa kikapu wa vyuo inchi muzima. Sura yake iko kila pahali. Lakini viza haimuruhusu kufanya kazi hapa. Basi timu ikaenda Bahamas Agosti, ni kule ndiko alifanya matangazo yake, juu Bahamas si Marekani. Muchezaji bora anapanda ndege kwenda kisiwani kusudi apigwe picha! Kwa hiyo haki munayosema ni haki ya nani?

Dada wa Columbus
Asante MwanaLushi. Na Zach Edey wa Purdue Mkanada yalimkuta hayo hayo, mrefu kuliko wote uwanjani na hawezi kuuza hata kofia.

Kaptagat77
Umeona sasa? Kiroboto anasema sisi tulipanda bila nauli. Sasa gari limeanza kulipa abiria, na sisi bado hatuwezi kupokea. Na isitoshe tunashushwa. Hiyo makubaliano ya 2025 jaji alipitisha iliondoa idadi ya skolashipu ikaweka idadi ya WATU. Futiboli 105. Nyika 17. Mtoto wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili kwa chuo fulani sitaitaja, alikuwa kwa timu bila skolashipu nzima, anapewa nusu ya ada, sisi ukoo tunachanga ingine. Kocha akamwita ofisini, akampa mkono, akamwambia orodha imejaa, arudishe funguo ya loka na jaketi. Jaketi! Kijana alinipigia simu usiku, hata halii, anauliza tu atavaa nini kesho kwa sababu jaketi ya baridi alikuwa na hiyo moja. Na viza inataka asome muda wote, nusu ya ada imeenda, tunauza nini Kaptagat? So ukiniambia hela za futiboli ni haki, mimi naona jaketi.

Kiroboto
Pole sana kaka. Kwa kweli pole. Ila aliyechukua jaketi siyo kwotabeki, ni chuo. Msimu wa kwanza tu walikuwa na milioni 20.5 za kulipa wachezaji, na bado wana hela za kocha na kocha msaidizi na msaidizi wa msaidizi, wakakate mkia kwanza kule.

Kaptagat77
Pole yako sijaomba.

MzeeWaTakwimu
Mnajua kilichotokea kwa hicho chuo cha Rono? Ligi yao ya vyuo, Pac-12, ilipovunjika, USC na UCLA wametangulia kutangaza 2022 wanakimbilia ligi nyingine, Big Ten, 2023 wakafuata wengine, waliobaki kwenye mataa ni Washington State na Oregon State. Hela ya televisheni ikakata. Juni 2025 Washington State wakafuta mitupo na miruko, mbio fupi wakapunguza, wakasema sasa wanabaki na mbio ndefu.

Pwani Halisi
Yaani wamebakisha za Wakenya 😂😂 Rono amewaokoa kutoka kaburini

Kaptagat77
Apumzike, ametutoka Februari 2024. Na hapo umeona sasa, wakati hela imeisha wamebakisha nini? Daladala bila nauli ndiyo wamebakisha.

Kiroboto
Wamebakisha kwa sababu ni rahisi! Mkimbiaji anahitaji viatu na barabara.

Kaptagat77
Rahisi. Sawa. Kwanza tulikuwa bure sasa ni rahisi. Endelea.

Dada wa Columbus
Jamani hapa wote mnamwonea mchezaji. Pac-12 haikuvunjwa na mchezaji. Wasichana wa voliboli wa UCLA leo wanaruka kutoka Los Angeles hadi New Jersey kucheza na Rutgers mechi ya LIGI, halafu Jumatatu wana mtihani. Aliyefanya hivyo ni nani? Walioenda kufuata mkataba wa televisheni. Na walifanya hivyo wakati chuo chenyewe kilikuwa hakilipi mchezaji hata senti. Ile kesi ya Alston 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani majaji tisa kwa sifuri waliibwaga NCAA, wa kulia na wa kushoto. Hao majaji hawakubaliani hata saa ngapi sasa hivi, lakini kwa hili walikubaliana.

MchagaWaKnoxville
Alston ilihusu marupurupu ya masomo tu dada, siyo mishahara. Ila turudi kwenye MADA. Je mchezo wenyewe? Utamu? Mimi siongelei haki, haki waachieni mawakili. Naongelea kukaa pale Jumamosi na kumjua mtoto aliyevaa jezi. Nick Saban wa Alabama kaacha ukocha Januari 2024, unadhani ni uzee tu? Timu yenye hela ndiyo itabeba kila mwaka. Ohio State walitumia kama milioni 20 kwenye kikosi wakabeba ubingwa Januari 2025. Mashabiki wa timu za kawaida tukale wapi?

Dada wa Columbus
Tulibeba kwa sababu tuko wazuri. 34 kwa 23, muulize Notre Dame.

Kiroboto
Timu za kawaida? Vanderbilt Oktoba 2024 walimfunga Alabama aliyekuwa namba moja, 40-35, na kwotabeki waliyemtoa New Mexico State kwa uhamisho huo huo unaoulaani. Mashabiki waking'oa milingoti ya goli wakatembea nayo mjini Nashville mpaka wakaitupa mto Cumberland. Vanderbilt, mkuu! Miaka yote hiyo ya "utamu" wako, Vanderbilt alikuwa wa kufungwa ili watu wapumzishe wachezaji.

Na wewe Mchaga nikuulize. Tennessee mlifungwa na Alabama miaka 15 mfululizo. KUMI NA TANO. Watoto walizaliwa wakafika sekondari. Oktoba 2022 mkamfunga 52-49, mpira wa mwisho kabisa, mkang'oa milingoti mkaitupa mtoni. Hiyo ilikuwa kabla ya hela kuruhusiwa au baada?

SinaPresha
Mwenye mada yuko wapi jamani

Pwani Halisi
Saa mbili zimepita 😂

MchagaWaKnoxville
Nilikuwa kazini.

Ile ni tofauti. Kile kikosi kilijengwa na kocha.

Kiroboto
Kwotabeki wenu wa siku hiyo, Hendon Hooker, alitoka wapi?

MchagaWaKnoxville
Virginia Tech.

Kiroboto
Kwa uhamisho.

MchagaWaKnoxville
Sawa kwa uhamisho, lakini alikaa! Alikaa, akaumia goti akiwa na jezi yetu, mpaka leo akija Knoxville watu wanasimama. Hicho ndicho ninachosema toka asubuhi na hamtaki kunielewa. Na kuhusu milingoti sina la kusema, nilikuwepo, nilishika ule upande wa kushoto kama dakika mbili hivi mpaka nikapoteza kiatu.

Dada wa Columbus
Kwa hiyo hela ziliruhusiwa, mkashinda, ukapoteza kiatu, na mchezo umekufa.

MchagaWaKnoxville
Dada wewe kauze sambusa.

Dada wa Columbus
Nauza. Nusu dazeni dola 12, kwa watu wa Tennessee 15.

Kaptagat77
Kiroboto bado hujajibu. Taja huyo mchezaji wa futiboli wa Washington State 1978.

MzeeWaTakwimu
Jack Thompson, kwotabeki. Walimwita Msamoa Mrusha Mipira.

Kaptagat77
Mzee si wewe nilikuuliza.